Nyenje wa kulisha mijusi: Newala ipige hesabu kwanza

NEWALA: Minada ya korosho inapomalizika na malipo kufika, swali huwa ni lile lile: fedha ziwekwe wapi hadi msimu ujao? Ufugaji wa nyenje ni mradi unaovutia kwa kuwa hauhitaji shamba, unatumia maji kidogo, na mtaji wake unaanzia kwenye makasha na trei za mayai. Bidhaa hiyo ina soko duniani. Tatizo ni kwamba soko lenye bei nzuri liko mbali na uwanda wa Makonde.

Soko

Ulaya na Marekani, nyenje hai huuzwa madukani kuwa chakula cha vinyonga, mijusi na vyura wanaofugwa majumbani. Kusini mwa Marekani nyenje walianza kufugwa kibiashara miaka ya 1940, wakiuzwa kama chambo cha samaki.

Faida inatokana na namna ya kuuza. Mteja hununua kwa idadi na kwa ukubwa, si kwa kilo. Nyenje wachanga ni wa kinyonga mdogo, na waliokomaa ni wa mjusi mkubwa. Mfugaji huyo huyo huuza zao moja kwa hatua kadhaa.

Tanzania ilikuwa upande wa pili wa biashara hiyo, ikiuza vinyonga, mijusi na kobe. Machi 2016 Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka 3. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya muda ya kuwaondoa waliobaki mabandani, ikasitishwa baada ya muda mfupi. Aidha, mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliingizwa katika Orodha ya Kwanza ya mkataba wa CITES mwaka 2016, na kobe chapati mwaka 2019.

Kwa hiyo, msafirishaji wa mijusi aliyekuwa akihitaji chakula cha mabanda yake hawezi kutegemewa kuwa mteja. Kupeleka nyenje hai Ulaya kwa ndege nako ni kushindana na wafugaji walio jirani na maduka yenyewe.

Uzalishaji

Nyenje hustawi katika joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi. Jike hutaga mamia ya mayai kwenye mchanga au udongo wenye unyevu. Katika joto hilo mayai huanguliwa baada ya wiki 2 hivi, na nyenje hukomaa kwa wiki 6 hadi 8. Baridi ya Juni na Julai huko Newala itawadumaza, isipokuwa banda lipashwe joto.

Maji hutolewa kwa sponji au pamba yenye unyevu, kwani wachanga huzama hata kwenye kisahani. Kwa mji unaojua shida ya maji kama Newala, hilo ni nafuu.

Gharama

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kilo 1 ya nyenje hai huhitaji takriban kilo 2 za chakula. Kwa kuwa karibu asilimia 70 ya mwili wa nyenje ni maji, kilo 1 ya nyenje wakavu hutoka katika kilo 3 na zaidi za walio hai, yaani kilo 6 hadi 7 za chakula.

Anayewalisha chakula cha kuku cha dukani, kisha akauza unga wa nyenje kwa wafugaji wa kuku, lazima aupate kwa bei zaidi ya mara 6 ya chakula alichonunua. Mshindani wake ni dagaa. Hesabu hiyo ni ngumu kufunga.

Njia ya kupunguza gharama ni malisho ya nyumbani. Utafiti uliofanyika Cambodia na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa aina moja ya nyenje wa huko walikua vizuri kwa majani ya muhogo, zao ambalo Newala inalo. Hata hivyo, majani yaliyopata dawa ya kuulia wadudu wa mikorosho yataua na nyenje pia.

Hatari

Ugonjwa ni hatari kubwa. Kirusi kinachoshambulia nyenje wa nyumbani kiliangamiza mashamba Ulaya miaka ya 2000, na Amerika Kaskazini tangu 2009. Baadhi ya wafugaji walihamia aina nyingine, akiwemo nyenje mweusi mwenye madoa mawili, ambaye Afrika ni kwao.

Ushauri

Thailand, ambako ufugaji ulianza kuenezwa mwaka 1998, ilikuwa na mashamba yapatayo 20,000 kwa hesabu ya FAO ya mwaka 2013. Yalikua kwa sababu walaji wa nyenje walikuwa mitaani kwao. Kenya nayo iliweka viwango vya wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo mwaka 2017, hivyo mnunuzi anajua anachonunua.

Mfanyabiashara wa Newala anayetaka kujaribu aanze na makasha machache, apime kilo za chakula zinazoingia na za nyenje zinazotoka, na ampate mnunuzi kabla ya kuongeza kasha la pili. Fedha ya korosho hupatikana mara moja kwa mwaka. Nyenje asiye na mnunuzi huila kila siku.