Usihame mji bila kuaga meza iliyokulisha



Jumapili moja baada ya ibada, kijana mmoja mtumishi wa umma alinifuata nje ya kanisa hapa Nachingwea. Alikuwa amepata barua ya uhamisho.

"Shikamoo mwalimu," akasema. "Nimebakiza wiki mbili. Wewe ni mwenyeji. Nikale wapi kabla sijaondoka? Ila pawe pa bei nafuu, mfuko wangu unaujua."

"Marahaba kijana," nikamjibu, nikacheka, maana hilo ni swali ninaloliweza.

Nikamwambia aanze asubuhi stendi, anywe supu kwa chapati kabla mabasi hayajatoka. Siku ya pili ale mbaazi za nazi na vitumbua. Mchana aende sokoni kwa mama lishe, aagize ugali wa muhogo na kisamvu kilichotwangwa kikaungwa karanga. Wageni wengi wanaoletwa huku na kazi hukimbilia wali maharage, wakaondoka baada ya miaka mitano hawajaujua ugali wetu. Akimwona mama mwenye beseni la ming'oko iliyochemshwa, asimpite. Hiyo ni mizizi ya porini, chakula cha watu wa Lindi na Mtwara, na huko aendako anaweza asiione tena. Jioni atafute muhogo wa kukaanga na samaki aliyeletwa kutoka pwani. Na akipata siku moja ya nafasi, apande gari hadi Ruangwa kwa jirani zetu, akae benchi kama lile lile na ale kama wenyeji.

Akawa anaandika yote kwenye simu. Nilipomaliza, nikamwuliza, "Na daftari je?"

Kijana akainamisha kichwa.

Mpendwa, kama umewahi kuwa mtumishi katika mji mdogo, daftari unalijua. Mshahara unaishia tarehe 12, lakini tumbo haliishii hapo. Mama lishe anakwambia, "Kula baba, utalipa." Anaandika jina lako na tarehe, na siku zinakwenda. Wengi hulipa mwisho wa mwezi. Lakini barua ya uhamisho ikija ghafla, wapo wanaopanda basi la alfajiri bila kupita sokoni.

Nayasema haya nikiwa mmoja wao. Zamani, nikiwa mwalimu kijana, nilihamishwa kutoka hapa hapa. Kulikuwa na mama mmoja nyuma ya soko niliyekula kwake kwa miaka minne. Nilijua ninadaiwa kama shilingi 18,500. Nilijiambia nitatuma. Mwezi wa kwanza sikutuma, wa pili nikaona haya, na wa tatu nikaanza kusahau. Haya ni kitu cha ajabu. Inakuzuia kulipa leo, na kesho inakuwa kubwa zaidi.

Miaka mitatu baadaye nikarudishwa Nachingwea. Nilipokwenda nyuma ya soko, banda lake lilikuwa halipo. Wakaniambia amehamia Ruangwa kwa binti yake. Nilikaa na neno hilo majuma mawili, kisha Jumamosi moja nikapanda gari. Nilimkuta anakaanga vitumbua kando ya barabara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu, akanitazama. "Mwalimu!"

Nikatoa fedha niliyokwisha kuihesabu, nikaanza maelezo marefu niliyoyaandaa njiani. Hakuyasikiliza. Alihesabu, akatenga shilingi 3,500, akanirudishia. "Ilikuwa 15,000," akasema. "Zile nyingine ulilipa ule mwezi wa mitihani, umesahau." Kisha akasogeza kigoda. "Sasa kaa ule, maana uliondoka hukuaga."

Nilikula vitumbua vile kwa shida, koo limebana. Nilidhani nimekwenda kulipa deni moja, kumbe nilikuwa na mawili. Lile la fedha alikuwa analikumbuka hadi shilingi ya mwisho, lakini la kuaga ndilo lililomuuma.

Tukumbuke pia kwamba Nachingwea ni mji uliozoea kuachwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na hapa pakawa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaja matrekta, wakaja wataalamu, ikajengwa reli kutoka Mtwara. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshindwa. Wataalamu wakaenda zao, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakawa na kambi yao hapa, na Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 nao wakarudi kwao. Tangu hapo wanakuja na kuondoka walimu, wanajeshi, wanachuo wa ualimu na wanunuzi wa korosho na ufuta. Mradi wa mamilioni ya pauni haukutoa karanga zilizotarajiwa, lakini mama mwenye kinu na mchi bado anazitwanga kila siku na kuunga kisamvu kwa ajili ya mgeni mwingine.

Maandiko yanautambua mlo wa kuondoka. Waisraeli walikula Pasaka viatu vikiwa miguuni, tayari kwa safari (Kutoka 12:11). Bwana wetu, akijua saa yake imekaribia, aliwaambia wanafunzi wake jinsi alivyotamani sana kula nao kabla ya kuteswa (Luka 22:15). Mtume Paulo alipokuwa aondoke Troa kesho yake, alikaa na ndugu usiku kucha, akamega mkate nao, akaongea hadi alfajiri ndipo akashika njia (Matendo 20:7-11). Hakuna kati yao aliyetoroka.

Na Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wathesalonike, anawakumbusha kwamba akiwa kwao hakula chakula cha mtu bure (2 Wathesalonike 3:8). Mara nyingi tunaisoma sura hiyo kuwakemea wavivu. Leo tuisome sisi wenye mishahara. Mama lishe wengi wana mtaji wa siku moja: unga wa leo umenunuliwa kwa mauzo ya jana. Yule mjane wa Sarepta alimpa Eliya chakula kutoka konzi ya mwisho ya unga, na Mungu akahakikisha pipa lake halipungui (1 Wafalme 17:8-16). Mama wa sokoni naye anatoa kwa imani anapoandika jina lako. Tusiwe sisi wa kulitoboa pipa lake, halafu Jumapili tukatoe sadaka ya shukrani katika kanisa la kituo kipya.

Kwa hiyo, mpendwa, kama uhamisho umekufikia, fanya orodha ya sehemu za kula kama yule kijana. Ni jambo jema, chakula cha mji ni zawadi ya Mungu. Lakini anza na benchi ulilolizoea. Ulizia daftari, lipa, kisha kaa ule. Mwambie mama unaondoka lini na unakwenda wapi. Kama anapenda, salini pamoja hapo hapo kwenye moshi wa kuni. Na kama ulishaondoka zamani bila kulipa, siku hizi fedha zinatumwa kwa simu hadi kijijini. Tafuta namba yake. Ila usitume fedha tu ukanyamaza. Piga simu, aisikie sauti yako.

Jumatano ile nilipita sokoni mchana. Nikamwona kijana wangu amekaa, sahani ya ugali wa muhogo mbele yake, na mama ameshika kalamu, analikata jina lake kwenye daftari. Walikuwa wanacheka. Sikuwaingilia, nikaenda zangu.

Nakutakia Jumapili njema.