Msuli wa Moyo Uliolala

Mgonjwa amelazwa ubavu wa kushoto, dawa ya dobutamini, inayouchochea moyo, inadondoka polepole kwenye mshipa wa mkono. Kwenye skrini ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ukuta wa mbele wa moyo wake umetulia tuli. Dakika chache baadaye unaanza kukaza. Dozi ikipandishwa, unalegea tena, kwa sababu damu inayopita kwenye mishipa iliyoziba haitoshi kwa kazi hiyo mpya. Kukaza kisha kulegea ndiyo dalili bora kwamba msuli ule uko hai.

Zamani msuli usiocheza ulihesabiwa umekufa. Katika miaka ya 1980 Shahbudin Rahimtoola, bingwa wa moyo huko Los Angeles, alitetea hoja tofauti: baadhi ya misuli hiyo imepunguza kazi tu ili ilingane na damu kidogo inayoipata, na damu ikirudi, nayo huamka.

Kutofautisha msuli uliolala na kovu la msuli uliokufa bila kupasua kifua kuna njia nyingine pia. Kipimo cha PET hutafuta mahali ambapo damu ni haba lakini msuli bado unameza sukari, kwani maiti haili. MRI nayo hutumia dawa ya gadolini, ambayo hukawia ndani ya kovu na kulifanya ling'ae jeupe. Mwaka 2000 Raymond Kim na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba kadiri weupe huo unavyopenya unene wa ukuta, ndivyo matumaini ya msuli kuamka baada ya mishipa kuzibuliwa yanavyopungua.

Ilionekana basi kwamba picha ingeamua nani afanyiwe upasuaji. Majaribio yakakataa. Katika utafiti wa STICH, upasuaji wa kupandikiza mishipa uliokoa maisha ukifuatiliwa kwa miaka 10, lakini wenye msuli hai hawakufaidika kuliko wengine. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza, REVIVED, uliwachukua wagonjwa 700 waliokuwa na msuli hai. Kuwazibua mishipa kwa stenti juu ya dawa hakukupunguza vifo wala kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa.

Kwa maoni yangu, si haki kumpeleka mgonjwa kwenye stenti kwa sababu tu picha imesema msuli uko hai. Picha za moyo za wagonjwa wa REVIVED zilipochambuliwa upya, kilichoashiria hatari ya mgonjwa kilikuwa ukubwa wa kovu, awe amewekewa stenti au la.