JE, FIMBO NDEFU NDIYO BORA?

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi naongeza kwamba hata fimbo ndefu mno yaweza kumkosa!

Nasema hivi kwa sababu ya kaka yangu, ambaye ni kedi, yaani mbebaji wa mifuko ya fimbo za gofu. Mzee mmoja alimpa draiva kuukuu. Draiva ni ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa inayotumiwa kupiga mpira wa kwanza. Kaka alitaka kucheza mashindano ya makedi, lakini kila akipiga, mpira waingia vichakani. Na mpira wa gofu si wa bure. Akaazima msumeno, ati aikate.

Ngoja kwanza! Urefu una kazi gani? Tazama mlango ukifungwa. Ukingo wake huenda mbio kuliko sehemu iliyo karibu na bawaba, ingawa mlango ni mmoja. Vivyo hivyo, kichwa cha fimbo ndefu huenda kasi zaidi, na mpira huruka mbali. Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba kichwa kikiwa mbali na mikono, ni vigumu kukiongoza. Mpira usipoguswa na katikati ya uso wa fimbo, nguvu hupotea na mpira hupinda. Basi mtu huongeza inchi na kupoteza yadi.

Draiva nyingi za madukani siku hizi zina inchi 45 hivi au zaidi kidogo. Za zamani za mpini wa chuma zilikuwa karibu inchi 43. Sheria hairuhusu draiva kupita inchi 48, na tangu Januari 2022 mashindano ya wachezaji stadi yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Phil Mickelson wa Marekani alishinda PGA Championship mwaka 2021 akiwa na draiva ya karibu inchi 48. Mwenzake Rickie Fowler alitumia ya inchi 43.5 mwaka 2017. Wote ni mafundi, lakini kila mmoja na kipimo chake.

Wewe utajuaje chako? Paka chaki kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi, kisha uangalie alama. Halafu shika mpini inchi moja chini zaidi, upige mingine kumi. Linganisha alama na umbali. Usikimbilie msumeno, kwani fimbo ikikatwa, kichwa huhisika chepesi mpaka kiongezwe utepe wa risasi, na kuirefusha tena ni taabu.

Tulipojaribu, alama za kaka zilikuwa nchani. Aliposhika chini, saba kati ya kumi zilikuja katikati. Msumeno ukarudishwa kwa mwenyewe.

Kikombe hakukipata, lakini siku hiyo hakupoteza hata mpira mmoja. Majuto ni mjukuu, wasomaji wenzangu. Pimeni kabla ya kukata!