Je, Wajua? Mwongozo Masikioni

Mwongozo wa sauti wa watalii ulianza na redio. Mwaka 1952, jumba la makumbusho la Stedelijk, Amsterdam, liliwapa wageni vipokezi vidogo. Maelezo yalirushwa hewani, kundi zima likasikia sentensi ileile na kugeuza shingo pamoja. Kichekesho kidogo!

Leo simu na visikizi vinatosha, unasimama upendapo. Mji wa Keroka nchini Kenya, kwenye barabara ya Kisii–Sotik, ungefaa sana kwa matembezi ya aina hiyo. Mji umekalia mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, na suala la nani atoze ushuru limezikosanisha kaunti hizo. Mnunuzi wa ndizi huweza kuvuka kaunti bila kujua. Sauti sikioni ingemwambia.