MPIRA, JIRANI NA MLANGO WA KIWANJA



Wote mnakumbuka mchezo wa mwisho kati ya ekipi yetu na ekipi ya masomo jirani. Mvua ilikuwa inanyesha, mpira ulikuwa unateleza kama sabuni, na sisi tulikuwa tumeshindwa goli moja kwa sifuri. Mmoja wetu akaona kitambaa kimefungwa kwenye mti wa goli lao. Akapiga kelele: «Mlinda goli wao ni mlozi! Amefunga dawa!» Dakika tano hazijapita, mawe yalikuwa tayari mikononi. Walimu wa pande zote mbili wakaingia katikati, mchezo ukasimamishwa, kila mtu akarudi kwao na hasira yake. Kesho yake tukasikia ukweli: kile kitambaa kilikuwa cha kupangusia mikono, juu ya mvua. Ni hivyo tu.

Sisi tunaoandika tulikuwa pale, na tulipiga kelele sawasawa na wengine. Kwa hiyo hatuandiki ili kuhukumu mtu. Tunaandika kwa sababu mchezo wa kurudiana unakaribia. Tunataka kueleza kwa nini jirani anatuchoma roho kupita mgeni, na kelele ya namna ile inaweza kufikisha watu wapi. Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, imekwisha kufikisha watu kaburini.

1. KWA NINI JIRANI?

Tazameni miji mikubwa. Bukavu iko na Muungano na Bukavu Dawa. Kinshasa iko na Vita Club na Motema Pembe, ile iliyoitwa zamani Imana. Lubumbashi iko na Mazembe na Lupopo, ekipi mbili zilizozaliwa mwaka mmoja, 1939. Dar es Salaam, Yanga ilianza mwaka wa 1935 na Simba mwaka wa 1936, na zote mbili ni za Kariakoo. Ni watoto wa mtaa mmoja, lakini siku wanapokutana, mji mzima unagawanyika.

Sababu ya kwanza ni rahisi. Ukishindwa na ekipi ya mbali, unalia siku moja, kisha basi. Hautakutana na wapenzi wao. Lakini ukishindwa na jirani, jumatatu utamkuta kwenye maji, jumatano utamkuta sokoni, na kila mara atakuuliza: «Ndugu, mlipata ngapi?» Kushindwa na jirani hakumalizike.

Sababu ya pili: jirani anafanana nasi. Anakula muhogo na maharagwe kama sisi, anapita njia moja na sisi, anasoma programu moja na sisi. Kama ameshinda, hatuwezi kusema ni mtajiri au ametoka Ulaya. Tunabaki kujiuliza: yeye amefanya nini ambacho sisi hatukufanya? Swali hilo linauma.

Sababu ya tatu ni ya hatari. Jina la ekipi linaweza kubeba mambo mengine ambayo si ya mpira: mtaa, kanisa, jamaa, kabila. Hapo mtu hapigi tena kelele kwa ajili ya goli. Anapigania deni la zamani, na mpira ni kisingizio tu.

Lakini tusiseme kwamba ushindani wa majirani ni kitu kibaya. Hapana. Mshindani wa karibu ndiye anayekuamsha mapema kwenda mazoezini. Mwaka wa 1974 inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Katika ekipi ile ya Leopards, Ndaye Mulamba alitoka Vita Club, Kakoko Etepe alitoka Imana, na mlinda goli Kazadi Mwamba alitoka Mazembe. Watu wale walizoea kupigana vikali katika michezo ya nyumbani, na kwa sababu hiyo walikuwa hodari. Ndaye alifunga magoli 9 katika mashindano yale, na hata leo hakuna aliyempita katika Kombe moja la Afrika. Fainali na Zambia ilimalizika 2 kwa 2, ikachezwa tena, ikawa 2 kwa 0. Yale magoli yote manne, ya Ndaye.

2. BUTEMBO, TAREHE 14 SEPTEMBA 2008

Sasa tuje karibu. Butembo iko katika jimbo letu. Siku ile, ekipi mbili za mji mmoja, Nyuki na Socozaki, zilikuwa zinacheza. Katikati ya mchezo, mlinda goli mmoja akashtakiwa kwamba anafanya ulozi ili kugeuza matokeo. Wachezaji wakashikana, wapenzi wao wakaingia katika fujo, mawe na vitu vingine vikarushwa. Polisi wakataka kutuliza, wakatupa moshi wa kutoa machozi. Watu wote wakakimbilia milango mara moja.

Watu zaidi ya kumi walikufa. Wengi wao walikuwa watoto na vijana, watu wa umri wetu. Walikuja kutazama mpira tu, kama sisi tunavyokwenda jumamosi.

Angalieni jambo hili vizuri: waliokufa hawakuuawa na dawa. Wala ngumi za wachezaji hazikuwaua. Waliuawa na kukanyagana na kukosa pumzi, wakati kila mtu alikuwa anataka kutoka.

3. MLANGO UNAUA NAMNA GANI?

Chukua chupa, ujaribu kuijaza mahindi. Ukiyaingiza polepole, punje zinapita. Ukimimina kikombe kizima mara moja, zinakwama kwenye shingo ya chupa, na hata moja haipiti. Watu wengi kwenye mlango mdogo ni vile vile.

Wale wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele. Wao wanajua tu kwamba hatari iko nyuma yao, basi wanasukuma. Wale wa mbele wanabanwa. Ili mtu avute pumzi, kifua chake lazima kipanuke. Kikibanwa pande zote na uzito wa watu, hakipanuki. Mtu anaweza kufa akiwa amesimama, bila jeraha hata moja. Na mmoja akianguka, wa nyuma anajikwaa juu yake, na wa tatu juu ya wa pili. Wale walio chini hawana njia tena. Hakuna aliyetaka kumwua mwenzake. Kila mmoja alisukuma kidogo tu.

Mambo haya si ya Kongo peke yake. Huko Lima, inchi ya Peru, tarehe 24 Mei 1964, mwamuzi alikataa goli, fujo ikaanza, moshi ukatupwa, watu wakakuta milango imefungwa: zaidi ya 300 walikufa. Huko Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, katika mchezo wa Hearts of Oak na Asante Kotoko, zaidi ya 120. Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, Vita Club na Mazembe walipokutana katika kiwanja cha Tata Raphaël, watu 15. Malang, Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, ekipi ya pale iliposhindwa na mshindani wake wa jimbo moja, watu 135.

Mnaona kwamba habari ni moja. Kwanza hasira, kisha moshi, kisha mlango. Ndiyo maana kanuni za FIFA juu ya usalama zinakataza moshi wa namna ile ndani ya kiwanja. Lakini moshi haukuja wenyewe. Mbele ya moshi, kulikuwa mtu aliyerusha jiwe. Na mbele ya jiwe, mara nyingi, kulikuwa neno.

4. NENO «MLOZI»

Kwa nini neno hili linakuja mdomoni haraka vile? Kwa sababu linatuponya aibu. Kama tumeshindwa juu ya ulozi, basi hatukushindwa. Miguu yetu ni mizuri, mazoezi yetu yalitosha, kosa ni la mlinda goli wa wengine. Ni dawa tamu ya kutuliza roho, lakini inamgeuza mshindani kuwa adui. Mshindani unaweza kumpa mkono nyuma ya mchezo. Mlozi, nani atampa mkono? Katika vijiji vyetu tunajua watu, zaidi sana wamama wazee, waliopigwa na kufukuzwa kwao juu ya neno lile moja, bila shahidi hata mmoja.

Kushindwa kuko na sababu zinazoonekana. Mwaka ule ule wa 1974, nyuma ya Kombe la Afrika, Leopards wetu walikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani. Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0. Hakukuwa siri. Wachezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walikuwa wamevunjika moyo, kwa sababu pesa walizoahidiwa hawakupata. Na sisi, mchezo wa juzi, tulishindwa kwa nini? Tuseme kweli: wiki nzima mbele ya mchezo, wachezaji wetu walifanya mazoezi mara moja tu, na lile goli liliingia kwa sababu walinzi wetu wawili walikuwa wanabishana. Hakuna kitambaa kinachoweza kueleza zaidi.

5. KWETU MASISI NA WALIKALE

Mtu anaweza kusema: «Kiwanja chetu hakina ukuta wala mlango. Hapa hakuna atakayekanyagwa.» Tunajibu: tazama vizuri. Upande mmoja ni kilima, upande mwingine ni mto, na njia ya kutoka ni ile moja tu yenye daraja ya miti. Ule ndio mlango wetu.

Tena kuna hatari nyingine ambayo watu wa miji mingine hawana kama sisi. Hapa watu wa makabila mengi wanaishi pamoja, na wazazi wetu wameona mengi. Wanakumbuka Machi 1993, ginsi mauaji yalivyoanza kwenye soko ya Ntoto, katika Walikale, na ginsi moto ule ulivyoingia Masisi na kumaliza watu wengi sana. Vita ile ilikuwa na sababu zake kubwa, za mashamba na za utawala, na hatutaki kuzieleza hapa. Tunataka kusema jambo moja tu: soko na kiwanja ni mahali ambapo watu wa kila upande wanakutana bila silaha. Mahali pa namna ile ni pachache kwetu. Na kati yetu wengine wamefika hapa wakiwa wakimbizi, hawana kwao tena pa kurudi wakifukuzwa. Ugomvi wa mpira kati ya masomo mawili unaweza kufika kijijini jioni ile ile, na huko hautaitwa tena ugomvi wa mpira. Watauliza: «Aliyepiga ni wa kabila gani? Aliyepigwa ni wa kabila gani?»

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwa mchezo unaokuja, tunaomba mambo haya:

a) Wapenzi wa kila upande wakae upande wao, na njia ya daraja ibaki wazi tangu mwanzo mpaka mwisho. Wasikae watu pale, wala wauza karanga.

b) Wadogo wa kidato cha chini wakae mbali na daraja, pamoja na mwalimu mmoja.

c) Nyuma ya mchezo, wageni watoke kwanza. Sisi tungoje, hata kama tumeshinda na tunatamani kuimba njiani.

d) Fujo ikitokea, tusikimbie wote njia moja. Tupande kilima. Ukijikuta umebanwa, inua mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kuvuta pumzi, usisukume, na ukiona mtu ameanguka, mwinue mara moja.

e) Mtu asimwite mwenzake mlozi. Aliye na mashaka juu ya kitu kwenye goli amwambie kapiteni, naye kapiteni amwulize mwamuzi. Kwa kitambaa, swali moja lingetosha.

f) Kabla mchezo haujaanza, kapiteni wetu aende kwa mlinda goli wao, mbele ya watu wote, kumwomba radhi. Tumekwisha kusema naye, na amekubali.

Wengine watasema kwamba tumeingiwa na woga. Hapana, ndugu. Tunataka kushinda mchezo huu kupita ninyi wote, na tutapiga kelele mpaka sauti ikauke. Lakini wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Tupige kelele kwa ajili ya ekipi yetu, tusipige kelele juu ya mtu.

Na jumatatu, yule aliyeshindwa akikutana na jirani yake kwenye maji, aulizwe: «Ndugu, mlipata ngapi?» Ajibu kwa uchungu, kisha wabebe vidumu vyao, wapande njia pamoja.

Kamati ya gazeti