Mkono Unaoshikilia Dawati

Mtoto wa darasa la pili anaandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umekamata ukingo wa dawati. Daftari linateleza. Analivuta, linateleza tena. Mwalimu ameshamhesabu kuwa mvivu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, aliyeketi nyuma ya darasa tangu saa mbili asubuhi, hajaugusa mwandiko bado, anatazama miguu. Inaning'inia. Dawati ni la wakubwa, na mtoto asiyefikia sakafu hujishikiza asianguke. Mkono wa kutuliza daftari ataupata wapi?

Hospitalini hili lisingeonekana. Ndiyo maana mtaalamu huyu huja shuleni, amwone mtoto akifunga vifungo vya sweta, akibeba kikombe cha uji, akienda chooni, akinakili ubaoni. Mama naye huulizwa: nyumbani anakula mwenyewe? Viatu anavaa mwenyewe?

Vipimo rasmi hufuata. Kimojawapo ni cha Beery, kilichotolewa Marekani mwaka 1967: mtoto hunakili maumbo, kuanzia mistari na duara hadi yale yaliyopishana, na akikosa matatu mfululizo huishia hapo. Ni kipimo kizuri. Lakini viwango vyake vilipangwa kwa watoto wa Marekani, na wengi wao huchezea kalamu za rangi hata kabla ya kuanza shule. Mtoto wa kijijini aliyeshika penseli mara ya kwanza siku ya kuanza shule anaweza kupata alama za chini ilhali mikono yake ni mizima. Mikono hiyohiyo jioni hufunga mpira wa makaratasi kwa kamba, fundo juu ya fundo, ukadunda. Naomba ripoti ziuandike na huo mpira, kwa sababu mtoto akishaandikwa "mzito" kwenye faili, jina hilo humfuata darasa hadi darasa.

Wataalamu wapo; hospitali ya KCMC, Moshi, huwafundisha. Ila wengi hufanya kazi hospitalini, na mzazi wa mbali humpata mmoja baada ya nauli na siku nzima ya foleni. Halmashauri zikiwapa ratiba ya kuzungukia shule, watoto wengi wataonwa mapema.

Asubuhi ile, mtaalamu aliomba kreti tupu ya soda dukani, akaipindua chini ya miguu ya mtoto. Akarudi kukaa nyuma. Mkono wa kushoto ulichelewa kidogo, kisha ukaachia ukingo, ukapanda juu ya daftari.