Kumfunza Mtoto Usawa: Watetezi wa Haki za Kiraia wa Marekani na Maana ya Shukrani

Kila Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Januari, shule nyingi za Marekani hufungwa kwa heshima ya Martin Luther King. Sikukuu hiyo ilipitishwa kuwa sheria mwaka 1983 na kuadhimishwa kitaifa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Siku chache kabla yake, walimu wa madarasa ya chini huwasimulia watoto habari za mchungaji huyo aliyezaliwa mwaka 1929 na kuuawa kwa risasi mjini Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Je, mtoto wa miaka saba anayeambiwa amshukuru mtu asiyewahi kumwona hufunzwa nini hasa?

Aghalabu hufunzwa ngano. Palikuwa na watu wabaya, akatokea shujaa, akauhutubia umati mkubwa mjini Washington mwaka 1963, na mambo yakawa shwari. Masimulizi ya aina hii ni matamu, tena hukumbukwa kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba humfanya mtoto kuwa mtazamaji. Ikiwa shujaa ametenda yote, mtoto amebakiziwa nini ila kupiga makofi?

Chambilecho wahenga, shukrani ya punda ni mateke. Hata hivyo, shukrani ya kasuku nayo haina thamani kubwa. Ili mtoto ashukuru kwa dhati, sharti aelewe ni kazi gani iliyofanywa, ilifanywa na nani, na kwa gharama ipi. Mathalani, achukuliwe mgomo wa kususia mabasi mjini Montgomery, jimbo la Alabama. Abiria mweusi alilazimika kuketi nyuma na kumpisha mzungu viti vya mbele vilipojaa. Mara nyingi alilipa nauli kwa dereva, akashuka, kisha akaingia tena kwa mlango wa nyuma. Mtoto wa Nairobi anayepanda matatu kila asubuhi hahitaji ufafanuzi zaidi ili kuuhisi udhalimu huo.

Rosa Parks alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kusimama. Ni wachache wanaosimuliwa kwamba miezi tisa kabla yake, msichana wa shule wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa katika mji uo huo kwa kosa lilo hilo, na kwamba baadaye alikuwa miongoni mwa walalamishi wanne katika kesi iliyoubatilisha ubaguzi wa mabasini. Usiku wa kukamatwa kwa Parks, Jo Ann Robinson, mhadhiri wa Kiingereza, alikesha chuoni pamoja na mhadhiri mwenzake na wanafunzi wawili wakichapisha makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwahimiza watu wasipande mabasi. Naye mpishi Georgia Gilmore aliongoza kina mama waliouza vyakula ili kuchangia gharama za usafiri mbadala. Watu walitembea kwa miguu na kuchangia magari kwa siku 381. King, aliyekuwa na umri wa miaka 26 mgomo ulipoanza, alikuwa msemaji wao. Hakuwa miguu yao.

Waama, ugumu mwingine umo katika lugha yenyewe. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili husema, "Nyote ni sawa." Mtoto hutazama kando yake, akaona mwenzake mrefu, mwingine mwepesi wa hesabu, mwingine asiye na viatu, akashuku kwamba mwalimu anamdanganya. Neno "sawa" hubeba maana ya kufanana, ya kulingana, ya usahihi, na hata ya kukubali jambo shingo upande. Ni bora kueleza kwamba usawa ni wa haki na wala si wa maumbile: mrefu na mfupi hawafanani, lakini nauli yao ni moja na kiti ni cha aliyetangulia.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina faida. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani iliidhinisha sheria za kuwatenga watu kwa misingi ya rangi, mradi huduma walizopewa ziwe sawa. Hoja hiyo ilidumu hadi mwaka 1954. Katika Kiswahili haisimami hata kwa dakika moja, kwa kuwa mtu "aliyetengwa" tayari ni mtu aliyeonewa. Mtoto huligundua hilo bila msaada wa wakili.

Aidha, watoto walikuwa washiriki. Mnamo tarehe 14 Novemba 1960, Ruby Bridges, mwenye umri wa miaka 6, aliingia shule ya wazungu mjini New Orleans akisindikizwa na maafisa wa serikali kuu. Wazazi wengi wazungu waliwaondoa watoto wao, na mwalimu mmoja, Barbara Henry, akamfundisha peke yake mwaka mzima. Mwezi Mei 1963, mamia ya watoto walikamatwa kwa kuandamana mjini Birmingham, na wengine wakapigwa kwa mabomba ya maji.

Historia hii inaigusa Kenya pia. Mnamo Mei 1959, King alikuwa miongoni mwa wenyeji wa Tom Mboya katika dhifa mjini Atlanta. Mwaka uo huo, msaada wa Wamarekani weusi mashuhuri kama Jackie Robinson uliwezesha ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Kenya kwenda kusoma Marekani. Mwaka 1960, Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ile ya 1954, alialikwa kuwashauri wajumbe Waafrika katika kongamano la Lancaster House, London, akaandaa rasimu ya sheria ya haki. Rasimu hiyo iliwalinda pia walio wachache, wakiwemo Wahindi na walowezi wa kizungu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini mjukuu wa watumwa alijishughulisha na haki za walowezi, mwalimu na afunge kitabu, amwachie mwenzake wa dawati la pili ajaribu kujibu.